Timu ya Kujazia Fomu

Boniface Wambura alipoacha kazi yake ya Arlington, Virginia, akawa kocha wa gofu ya wasichana katika Chuo cha Brookmere, watu wa kwanza kumcheka hawakuwa Wamarekani. Walikuwa Waswahili wenzake. Wamarekani walimcheka baadaye, na kwa adabu zaidi.

Kazi aliyoiacha ilikuwa ya heshima. Ofisi ghorofa ya tisa, kiti cha kuzunguka, kadi ya kuning'iniza shingoni, na dirisha ambalo ukisimama kwa ncha za vidole unauona mto. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akikagua madai ya bima ya watu waliogongana magari, wengi wao palepale Springfield alipokuwa akiishi, mahali barabara kuu zinapokutana na kusokotana kama utumbo wa mbuzi. Mkewe Ghati, muuguzi, alikuwa amewaambia ndugu zake wa Tarime kwamba mumewe anafanya kazi "kule kwenye makao ya jeshi la Marekani." Haukuwa uongo mtupu. Makao hayo yalikuwa yakionekana kutoka kwenye maegesho ya magari ya ofisi yake.

Simu ilitoka kwa Wayne, mkurugenzi wa michezo wa Brookmere, chuo kidogo cha matofali mekundu nje kidogo ya Columbia, Maryland, ambacho Boniface mwenyewe alisoma.

"Kocha wetu ameondoka katikati ya muhula," Wayne alisema. "Ameenda kuuza nyumba. Nikakukumbuka wewe."

"Nifundishe timu?" Boniface aliuliza.

"Kufundisha, ndiyo, kama utapenda. Hatutafuti ushindi. Tunatafuta mtu mwenye leseni ya kuendesha basi dogo."

Wayne alikuwa mtu mkweli pale ambapo ukweli haukumgharimu kitu. Alieleza kwamba chuo kilikuwa kimeanzisha timu ya mpira wa Kimarekani yenye wavulana tisini, na sheria inataka wasichana nao wapewe nafasi za michezo kwa uwiano. Kila mwaka kuna fomu ya kujaza. Gofu ya wasichana ilikuwa mstari mmoja katika fomu hiyo. Ilikuwa imeshika nafasi ya mwisho katika ligi ya vyuo tisa kwa miaka kumi na mmoja mfululizo, na hakuna aliyelalamika, maana fomu haiulizi nani ameshinda.

Mtu mwingine angekata simu. Lakini Boniface alikuwa na donda lake. Alikulia Arusha, baba yake akikata nyasi za klabu ya gofu, na Brookmere ndiyo iliyomleta Marekani kwa udhamini, kwa ajili ya fimbo zake za gofu. Katika mashindano yake ya mwisho, mwaka wa nne, alikosa kuusukuma shimoni mpira uliokuwa umbali wa mkono mmoja, na timu ya wavulana ikawa ya mwisho kwa tofauti ya mkwaju huo. Mwaka uliofuata timu ya wavulana ilifutwa. Hakuna aliyeandamana. Boniface aliipata habari hiyo katika jarida la wahitimu, chini ya picha ya mwalimu wa kemia aliyestaafu. Tangu siku hiyo aliamini, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, kwamba yeye ndiye aliyeiua.

Kwa hiyo simu ya mtu anayetafuta dereva aliisikia kama wito.

"Baba Fredy," Ghati alisema alipoelezwa, "unaacha kiti cha kuzunguka uende kuokota mipira vichakani?"

"Si kuokota, Mama Fredy. Ninakwenda kujenga timu."

"Na nyumbani kwetu niwaambie nini?"

"Waambie mimi ni mwalimu wa chuo kikuu."

Ghati alilifikiria hilo kidogo, akaona linapitika, akakubali.

Haikuwa rahisi hivyo kwa Umoja wa Waswahili wa Maryland na Virginia. Umoja huo ulikutana Jumapili moja kila mwezi mchana, chini ya nyumba ya mwenyekiti wake, Silvanus, mjini Columbia. Silvanus alikuwa mwenyekiti kwa sababu ya ukubwa wa chumba chake cha chini. Wakenya, Watanzania na familia mbili za Kikongo walikula pilau hapo na kuamua mambo ambayo hayakutekelezwa.

"Ndugu zangu," Silvanus alisema huku ameshika ubavu wa mbuzi, "mwenzetu amepata kazi ya kuchunga nyasi. Baba yake alikata nyasi Arusha, naye amevuka bahari mbili kuja kukata nyasi Maryland. Tumpigie makofi."

Walipiga. Boniface alicheka nao, kwa sababu usipocheka katika Umoja huo unachekwa mara mbili. 

Timu aliyoikuta ilikuwa na wasichana wanne. Wawili walikuwa wamejiunga kwa sababu ratiba ya gofu iliwaruhusu kukosa somo la takwimu. Wa tatu aliitwa Cheryl, mpole kupita kiasi, ambaye kila alipoupiga mpira vibaya aliuomba radhi. Wa nne, Queen, alikuwa amefukuzwa kwenye timu ya softiboli kwa kumwambia mwamuzi maneno ambayo Wayne alikataa kuyarudia. Queen aliupiga mpira kama mtu anayelipiza kisasi. Ulikwenda mbali ajabu, na ulikwenda popote.

Kanuni zilitaka wachezaji watano. Boniface alizunguka chuo wiki nzima akitafuta wa tano, na ndipo alipomwona Chepkoech.

Ilikuwa kwenye mbio za nyika. Wasichana wote walikuwa wameshafika, wameshakunywa maji, wengine wameshavaa sweta, ndipo akatokea huyu mmoja kutoka nyuma ya miti, mkono kiunoni, akitembea kama mtu anayetoka sokoni. Peterson, kocha wa riadha, alitazama saa yake na kutikisa kichwa kwa uchungu.

"Anatoka Eldoret," alimnong'oneza Boniface. "Siku moja miguu yake itaamka."

Boniface alimfuata msichana akamsalimu kwa Kiswahili.

"Wewe ni wa Eldoret?"

"Tafadhali usianze," Chepkoech alisema, akihema. "Kila mtu huanzia hapo."

"Basi nianzie wapi?"

"Niulize kama napenda kukimbia."

"Unapenda kukimbia?"

"Nachukia kukimbia! Sijawahi kukimbia maisha yangu yote. Hata basi likiniacha, mimi huacha liende." Alikaa chini kwenye nyasi. "Huyo mzungu aliona jina langu kwenye orodha ya watu wanaotafuta udhamini. Hakuuliza muda wangu wa mita elfu tano, hakuuliza chochote. Nilimwandikia kabisa, nikamwambia mimi ni mcheza gofu. Akanijibu ati mimi ni mnyenyekevu kama mabingwa wote."

Boniface alichuchumaa mbele yake. "Umesema mcheza nini?"

"Gofu. Baba yangu ni member wa klabu pale nyumbani. Nimecheza tangu nikiwa na miaka minane. Nikimaliza high school nilikuwa na handicap ya tano, mikwaju mitano tu juu ya kiwango cha uwanja."

Ilikuwa mwaka wa pili wa Chepkoech chuoni. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili alikuwa amekuwa wa mwisho katika kila mbio, akipigwa picha kwa ajili ya vipeperushi vya chuo, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza anaweza kufanya nini. Peterson alikuwa amemchukua kama mtu anunuavyo tikiti maji bila hata kuligonga. Alipoombwa kumwachia, alisitasita siku tatu. Hakutaka kumpoteza. Alikuwa akiamini bado.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na kazi yenyewe haikuwa na uzuri wowote wa kuonea wivu. Brookmere haikuwa na uwanja wa gofu. Walifanya mazoezi katika uwanja wa umma ambao wazee waliostaafu ndio waliokuwa na haki ya kwanza na sauti ya juu. Baridi ilipoingia walihamia kwenye korido ya chini ya bweni, karibu na mashine za kufulia, ambako Boniface alitandika zulia la kijani na kuchonga shimo kwenye ubao. Sharti lake lilikuwa moja. Kila msichana asukume mpira shimoni kutoka umbali wa mkono mmoja, mara mia moja mfululizo. Ukikosa, hata kama umefika tisini na tisa, unaanza upya.

"Mashindano hayapotei kwenye mikwaju mikubwa," aliwahubiria, mikono nyuma, huku mashine zikizunguka na soksi za watu. "Yanapotea hapa. Umbali wa mkono mmoja! Nawaambia kama mtu aliyeona."

Aliwaambia siku ya kwanza, ya pili, na kila siku. Ilifika mahali Queen akawa anaimaliza hotuba hiyo kabla yake, kwa sauti yake, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha mwishoni.

"Kocha," Chepkoech alimuuliza siku moja, "kwani nani alikufa kwenye huo mkono mmoja?"

Boniface aliurudisha mpira kwa ncha ya kiatu. Alisema tu, "Themanini na saba. Endelea."

Aliwafundisha mambo mengine pia, na humo alikuwa hodari kweli, kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Alimfundisha Queen kupiga kwa nusu ya hasira yake. Alimkataza Cheryl neno "samahani," na kila lilipomtoka alizunguka uwanja na mkoba mgongoni, hadi Cheryl akaanza kumwambia mpira maneno ya aina nyingine, na mpira ukanyooka. Wale wawili wa takwimu waliacha kuja, akaleta wengine wawili, mmoja wao alikuwa akiuza soda kwenye kibanda cha uwanja wa umma na kucheza peke yake wateja wakipungua.

Mwaka wa kwanza walikuwa wa sita. Boniface alirudi nyumbani akaizunguka Springfield nzima kwa gari akipiga honi, Ghati kando yake akijifunika uso kwa mkoba. Mwaka wa pili walikuwa wa pili. Mwaka wa tatu, Chepkoech akiwa mwaka wa mwisho, walishinda mashindano manne ya kirafiki mfululizo, na magazeti madogo ya wilaya ya Howard yakaanza kutaja jina la Brookmere katika kurasa za nyuma.

Hapo watu wakaamka. Wayne, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kuja hata mara moja kuangalia, alijitokeza akiwa amevaa jaketi la timu ambalo Boniface hakujua lilitoka wapi, na kumwambia mwandishi wa habari kwamba "tulikuwa na mpango tangu mwanzo." Peterson alianza kusema kwamba stamina ya Chepkoech imetokana na msingi wa riadha. Na Silvanus alimpigia simu Boniface asubuhi ya Jumamosi, sauti laini kama siagi.

"Kocha wetu! Fahari ya Umoja! Sasa sikiliza, binti yangu Vumilia anamaliza sekondari mwakani. Nataka umpatie udhamini wa gofu."

"Vumilia anacheza gofu?"

"Atacheza. Ana mikono mirefu."

"Mwenyekiti, amewahi kushika fimbo?"

"Ndugu yangu, usinihoji kama ofisi ya viza. Mikono mirefu umeisikia au hukuisikia?"

Boniface alisema atamwangalia. Ukweli ni kwamba alifurahi. Alifurahi na jaketi la Wayne, alifurahi na siagi ya Silvanus. Alianza kutembea tofauti, tumbo mbele kidogo, na katika droo yake ya soksi ilikuwapo hotuba ya kurasa mbili aliyokuwa akiiandika na kuifuta, ya kusoma siku watakapotwaa kombe la ligi. Ilianza na Arusha na ilichukua muda mrefu kufika Maryland.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya ligi, Wayne alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Kuna mabadiliko ya kimuundo," alisema. Boniface alikuwa ameishi Marekani muda wa kutosha kujua kwamba watu wakisema hivyo, kuna mtu anakwenda nyumbani. "Tunaanzisha ushangiliaji wa mashindano, ule wa kuruka na kubebana. Ni mchezo kamili sasa, una ligi yake. Wasichana arobaini na wanane! Fikiria. Ukumbi upo tayari, hawahitaji uwanja. Fomu inajaa kwa mara moja."

"Na gofu?"

"Gofu ni wasichana watano, Boni." Wayne alionyesha vidole, kama Boniface hakujua kuhesabu. "Tutaifuta mwezi wa sita. Tutatangaza baada ya mashindano. Na ningeomba usiwaambie wachezaji, tusije tukawavunja moyo."

Boniface alitoka akakaa kwenye basi dogo dakika arobaini bila kuwasha injini. Jambo sahihi lilikuwa wazi. Wasichana wanne kati ya watano walikuwa na mwaka mmoja au zaidi mbele yao, na muda wa kuomba kuhamia vyuo vingine ulikuwa ukiisha mwezi huohuo. Walistahili kujua siku hiyohiyo. Lakini alijiambia kwamba wakijua watacheza vibaya. Alijiambia kwamba kombe ndilo litakalowaokoa, maana nani anafuta timu bingwa? Alijiambia mambo mengi ya busara, na yote yaliishia mahali pamoja: kwamba asiseme.

Hakusema kwa wasichana, ila mzigo ulimshinda, na Jumapili akamwambia mtu mmoja tu, pembeni, karibu na friji ya soda. Mtu huyo alikuwa Silvanus, kwa sababu Silvanus alimfahamu mwanasheria.

"Limezikwa hapa," Silvanus alisema, akijigonga kifua.

Lilikaa kaburini hadi saa kumi na moja jioni. Saa hiyo ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la Umoja, lenye watu mia mbili na sita: "Ndugu wapendwa, tumwombee kocha wetu katika kipindi hiki kigumu. Timu inafutwa Juni. Hii ni siri ya familia, tusiisambaze." Chini yake kulikuwa na mikono mingi ya kuomba na mishumaa. Miongoni mwa waliotuma mshumaa alikuwapo Serah, anayetunza wazee huko Columbia. Serah ni shangazi yake Chepkoech.

Kesho yake Boniface aliwakuta wasichana wote watano wamekaa chini kwenye nyasi za mazoezi, fimbo zikiwa bado mikobani. Chepkoech alisimama. Alizungumza Kiswahili, na wengine hawakuhitaji mkalimani.

"Ni ukweli?"

"Chepkoech, nilitaka kwanza..."

"Ni ukweli ama si ukweli?"

"Ni ukweli."

"Ulijua lini?"

Alifikiria kupunguza siku. "Wiki moja na siku tano," alisema.

"Cheryl alikuwa na barua ya chuo kimoja cha Virginia," Chepkoech alisema. "Walimtaka. Aliwaambia hapana Alhamisi iliyopita, kwa sababu yako. Alhamisi ulikuwa unajua. Ulimwona akituma hiyo email, ukampigia makofi."

Boniface alimtazama Cheryl. Cheryl alikuwa aking'oa nyasi moja moja.

"Nilikuwa nawalinda," alisema. "Nilitaka mcheze bila mawazo."

"Hapana, Kocha. Ulikuwa unalinda kombe lako." Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. "Peterson aliona jina langu, hakuniona mimi. Wayne anaona fomu. Wewe nilifikiri unatuona. Kumbe na wewe una fomu yako."

Aliomba radhi, kwa Kiingereza ili wote wasikie, na kwa ufupi, ambayo kwake ilikuwa kazi ngumu. Jioni hiyo alikiandikia kile chuo cha Virginia, akapiga na simu, akaambiwa nafasi ya Cheryl bado ipo hadi mwisho wa mwezi. Alimpelekea Cheryl habari hiyo mwenyewe. Cheryl alisema asante, bila tabasamu. Wasichana walirudi mazoezini kesho yake, wakacheza. Queen hakuimaliza tena hotuba yake. Hakukuwa na hotuba ya kumaliza.

Mashindano yalifanyika siku mbili, katika uwanja mmoja wenye vilima huko magharibi ya Virginia. Kwa miaka mitatu Boniface alikuwa akiwaandaa kwa ajili ya ule mpira mmoja wa mwisho, umbali wa mkono, watu wote kimya, jua likimulika. Haukuja. Brookmere waliongoza tangu shimo la nne la siku ya kwanza na hawakushikwa. Walishinda kwa tofauti ya mikwaju kumi na tisa. Mpira wa mwisho wa Chepkoech ulisimama kiganja kimoja kutoka shimoni, naye aliugonga ndani huku akimuuliza Cheryl kama kuna mahali pa kula karibu. Boniface, aliyekuwa amepiga goti moja nyuma ya mti tayari kwa mateso, aliinuka akapangusa suruali.

Sherehe ilikuwa Jumanne mchana, katika ukumbi mkubwa wa chuo. Kulikuwa na keki yenye umbo la fimbo. Wafadhili walikaa mbele, miongoni mwao bibi mmoja aliyehitimu zamani sana na ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wa maktaba. Waandishi wawili walikuja na kamera. Wayne alivaa jaketi. Boniface alikaa pembeni ya jukwaa, hotuba yake mfukoni, kurasa mbili zikiwa zimekuwa tatu.

Rais wa chuo alizungumza robo saa. Alisema ushindi huu ni matunda ya uongozi wenye maono. Alimshukuru Wayne, akamshukuru mpishi wa keki, akamshukuru "Kocha Bonaventure." Alisema mustakabali wa gofu Brookmere unang'aa. Wayne alitazama viatu vyake. Boniface aliposikia neno "mustakabali" alishika karatasi mfukoni, akajiambia kwamba akiitwa ataiacha Arusha yote na kuusema ukweli. Hakuitwa. Aliyeitwa ni nahodha.

Chepkoech alipanda na kombe.

"Mheshimiwa rais," alisema kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi shuleni, "wiki iliyopita tulisikia kwamba timu yetu itafutwa mwezi Juni."

 Bibi wa maktaba aligeuza kichwa taratibu sana kumtazama rais.

"Tulilia. Lakini leo umesimama hapa mbele ya watu wote ukasema mustakabali wetu unang'aa. Kwa hiyo tumeelewa kwamba wewe binafsi umelikataa jambo hilo, na kwamba timu itaendelea. Kwa niaba ya wenzangu, nakushukuru kwa ujasiri huo."

Bibi wa maktaba alianza kupiga makofi. Alipiga peke yake kwa muda, macho yake yakiwa bado kwa rais, kisha ukumbi mzima ukaingia. Queen alipanda jukwaani akiwa amebeba ubao mkubwa mweupe, ulioandikwa kwa herufi za kijani: MIAKA MITANO MINGINE. Alimpa rais ashike upande mmoja kwa ajili ya picha. Rais alitazama ubao, akatazama kamera, akatazama safu ya mbele. Akashika. Hata alitabasamu, na picha ilitoka nzuri.

Boniface alipiga makofi hadi viganja vikauma. Huku akipiga alielewa kwamba ubao ule haukuchorwa asubuhi hiyo, kwamba ulihitaji kalamu, meza, na jioni nzima ya watu watano, na kwamba hakuna aliyemwita.

"Ulijua?" Wayne alimfokea kando ya keki.

"Sikujua," Boniface alisema, na aibu ilikuwa ni kwamba hakudanganya.

Alimkuta Chepkoech nje, ameshika kipande cha keki.

"Mngeniambia," alisema. "Ningesaidia."

"Tulikuficha wiki moja tu, Kocha," Chepkoech alisema. "Wewe ulitaka wiki mbili." Alimega keki yake, akampa nusu. Alimuuliza kama atakuja kwenye mahafali yake, wazazi wanakuja kutoka Eldoret. Boniface alisema atakuja. Wakaila wamesimama.

Timu haikufutwa. Washangiliaji arobaini na wanane walikuja pia, na fomu ikajaa mpaka ikamwagika. Cheryl alikwenda Virginia, kwa sababu alikuwa ameshawaandikia tena na kuwakubalia, na kwa sababu, alivyosema bila kuomba samahani, hakutaka kukaa tena mahali anapoweza kufutwa. Vumilia alipimwa mikono yake mirefu kwa mchana mmoja, akamwambia Boniface kwa Kiingereza kwamba anachotaka ni kusoma famasia na amwambie baba yake hivyo, naye Boniface akamwambia Silvanus siku hiyohiyo, bila kungoja.

Mwezi wa tisa rais aliunda Kamati ya Ubora wa Gofu. Mwenyekiti Wayne. Wajumbe nane, akiwemo Peterson, na Silvanus kama mwakilishi wa jamii. Boniface hakuwa mjumbe. Alialikwa kutoa maelezo ya dakika kumi, ajenda ya saba, baada ya suala la maegesho ya magari. Ghati aliisoma barua hiyo kwa sauti jikoni, akacheka mpaka akakaa.

"Utaenda?"

"Nitaenda. Nina jambo la kuwaambia."

Alikwenda bila karatasi. Walipomuuliza siri ya mafanikio, aliwaambia kwamba mchezaji bora kuliko wote katika historia ya chuo alikuwapo hapohapo chuoni mwaka mmoja na zaidi, na kilichohitajika ni mtu wa kumuuliza anapenda nini. Peterson aliandika kitu kwenye daftari. Kisha aliwaambia kwamba yeye mwenyewe aliwaficha wachezaji wake jambo lililohusu maisha yao kwa sababu alitaka kombe, kwamba alikosea, kwamba wao ndio walioiokoa timu na si mtu yeyote aliyekaa katika chumba hicho.  Silvanus alisema, "Amina." Wengine walimshukuru.

Siku tatu baadaye muhtasari wa kikao ulitumwa kwa wote. Mchango wake ulikuwa mstari mmoja: kocha alisisitiza umuhimu wa mawasiliano. Mistari kumi na minne iliyofuata ilihusu rangi ya miavuli ya timu.